Ombi la Kufutwa kwa Kitenzi "Notice" Katika Darasa la Ngumbaru, Wema

Gershom Babwoya,
Msomaji Mkuu wa Mto,
Wema, kupitia Garsen.

Jumatano, mwezi wa kumi na moja.

Kwa Mwalimu Silas,
Darasa la Ngumbaru,
Wema.

Ndugu Mwalimu, ambaye pia ni mpwa wangu,

KUH: KITENZI ULICHOMFUNDISHA MKE WANGU

Kabla ya yote naomba nikukumbushe unaandikiwa na nani, kwa sababu watu wa hapa wamenizoea hata wanaweza kunisahau. Mimi ndimi mtu ambaye Mto Tana haujui kimo chake mpaka niuambie. Mto huo unatoka milimani kwa kelele, unapita mabwawa, unapita Garissa, unapita Hola, na kote huko ni maji tu yanayokwenda zake. Ukifika Wema, mimi naandika namba kitabuni, naituma ofisini kwa simu, na hapo ndipo serikali inapojua kwamba kuna mto. Mfugaji hatoi ng'ombe bondeni, mkulima haokoi mpunga wake, mpaka Gershom amesema. Mwaka wa El Nino nilikaa juu ya mti siku mbili, kiboko ameegemea shina hapo chini, nami nikawa namtangazia kimo cha maji kila saa ili asipatwe na hofu. Lakini hayo siyataji, sipendi majivuno.

Nakuandikia kwa sababu Jumamosi hii Kamati ya Mto inakaa kuamua kama kitabu cha kusomea mto kitabaki mikononi mwangu au kitachukuliwa. Kisa chote hiki hakikuletwa na mafuriko, wala fitina ya siasa. Kimeletwa na kitenzi kimoja cha Kiingereza ulichokiandika ubaoni kwa chaki ya serikali.

Mwezi wa saba ulikuja kwangu ukaniomba nimruhusu mkaza mjomba wako, Hulda, ajiunge na darasa lako la alasiri. Nilikubali kwa moyo mweupe. Nilitaka ajue kusoma jina la dawa kwenye chupa na kuniandikia ya dukani nisisahau. Hukuniambia kwamba humo ndani kuna vitenzi. Mimi nilifika darasa la sita, tena darasa la sita la zamani, ambalo ukililinganisha na la leo ni kama chuo, na sisi tulifundishwa "to run", "to eat" na "to sweep". Vitenzi vyenye faida. Hatukuwahi kufundishwa kitenzi cha kupeleleza.

Sasa naleta malalamiko yangu kwa namba, ili usiseme mjomba amekuja na hasira tu.

1. Kuhusu maana yenyewe. Hulda alirudi na daftari, nami nikalisoma, kwa sababu ni haki yangu. Umeandika kwamba "to look" ni kulituma jicho. "To see" ni jicho kupokea. Halafu, Silas, ukaandika kwamba "to notice" ni jicho kupokea kitu ambacho hukulituma kukileta, kisha kichwa kikakataa kukirudisha. Nilisoma mara tatu. Nikajiuliza, hii ni elimu au ni ugonjwa? Kiswahili kimetosheka na kuona. Kama kuona hakutoshi, kuna kutambua, ambako ni kazi ya polisi na watu wa mochari, na kuna kugundua, ambako ni kazi ya madaktari na wachimba mafuta. Kung'amua tumewaachia wenye kuandika vitabu. Hakuna mahali popote ambapo mke wa mtu alihitaji kitenzi cha kupokea asichotumwa. Na kwa kuwa watu wa hapa hawakawii, neno limeshapewa uraia, limeingia kwenye Kiswahili chetu bila kitambulisho. Sasa hata kisimani husikii mtu akisema ameona. Kila mmoja amenotisi.

2. Kuhusu Alhamisi iliyopita. Ulialika Naibu wa Chifu na Kamati ya Mto kwenye ukumbi wa kanisa, waje washuhudie wanafunzi wakisoma sentensi zao za kufunga muhula. Ulipomwita Hulda mimi nilikuwa mstari wa mbele, nimevaa koti. Nilidhani atasoma habari za ng'ombe na maziwa yake. Akafungua daftari, akasoma sentensi sita, na zote zilianza na "I noticed", na zote, Silas, zilikuwa juu yangu. Wewe ulikuwa unatafsiri! Sentensi ikitoka kwa Kiingereza, nusu ya ukumbi haijui kitu, mimi nimesalimika. Wewe unaigeuza kwa Kiswahili safi, tena kwa sauti. Mtoto niliyemvusha mto mgongoni kwenda kufanya mtihani wa darasa la nane, mamba wawili wakitazama!

3. Sentensi ya kwanza ilisema: alinotisi kwamba mume wake husema "tumepalilia shamba", na jembe ni moja, na malengelenge yamo mikononi mwa mtu mmoja tu, yeye. Hii naijibu kwa urahisi. Neno "tumepalilia" ni wingi wa heshima. Hata wakubwa husema "tumejenga barabara" na hujawahi kuwaona na koleo.

4. Sentensi ya pili ilisema alinotisi kwamba kambare niliyemvua mwaka juzi huongezeka urefu kila ninapomsimulia. Alianza akiwa kiasi cha mkono, Krismasi akafika kiunoni, na kwenye harusi ya kule Idsowe alikuwa amenizidi kimo. Hapa kitenzi chako kimeonyesha ujinga wake, kwa sababu kinahesabu urefu wa kambare bila kuhesabu umri wake. Kambare wa Tana hakomi kukua. Kama ningemwacha mtoni angekuwa na urefu huo leo.

5. Sentensi ya tatu ndiyo iliyoanza kunichoma. Alinotisi kwamba gambuti nilizopewa na Kamati za kushukia mtoni hazijawahi kuwa na tope, na kwamba karatasi ya bei bado imebandikwa chini. Ukumbi mzima ukageuka kutazama miguu yangu. Bahati nzuri nilikuwa na ndala. Nauliza: mali ya umma ikitunzwa, mtunzaji anashitakiwa? Kuna watu wamepewa magari ya umma na baada ya mwezi hayana milango. Mimi nimetunza gambuti miaka miwili, nalaumiwa.

6. Sentensi ya nne: alinotisi kwamba mimi huandika kimo cha mto nikiwa nimekaa mkekani, kabla ya chai. Ya tano: alinotisi kwamba mwezi wa tano, kitabuni mwangu, mto ulikaa mita tatu pointi mbili kwa siku kumi na moja, na siku ya tisa maji yalimzimia moto kwenye mafiga ya shambani, sufuria ya kunde ikaondoka na mfuniko wake.

Hapa nitakueleza utaalamu, kwa sababu nyinyi wasomi wa siku hizi mnadhani kusoma mto ni kwenda kuutazama. Nguzo ya kupimia iko kivukoni kwa Kahindi, yule mwenye mtumbwi. Kila mtu anaweza kushuka pale, akainama, akasoma namba iliyopakwa rangi. Hata mbuzi angefundishwa angeweza. Mimi nasoma maji kabla hayajafika. Kila asubuhi nampigia Martin, kaka yake Hulda, ambaye anaishi Hola. Namwuliza, "Shemeji, mto huko uko wapi?" Ananipa namba. Maji ya Hola huchukua siku kadhaa kufika kwetu, kwa hiyo mimi namba ya kesho ninayo leo, nimekaa, nimetulia. Wala si mzembe wa kunakili tu. Mvua ikinyesha hapa naongeza pointi moja kwa heshima yake. Jua likikaza napunguza. Ofisi inanijibu kila siku bila kukosa: "Ujumbe wako umepokelewa. Asante." Umewahi kuona serikali ikishukuru mtu miaka miwili mfululizo kwa namba zenye kosa? Kama kungekuwa na kosa, ofisi yenye kompyuta na kiyoyozi isingenotisi, aje anotisi Hulda, ambaye shamba letu liko upande wa juu wa mto na hata njia ya kivukoni hapiti?

7. Sentensi ya sita naiandika kwa uchungu. Mwezi wa tisa Hulda alikwenda Hola kwenye mazishi ya mama yao mdogo. Alikaa kwa Martin siku nne. Na huko, badala ya kulia kama wengine, akanotisi. Akanotisi kwamba Martin, simu yangu ikilia asubuhi, hainuki kitandani. Hufungua ujumbe ambao ofisi huwatumia watu wote wa bonde kuanzia Kinakomba hadi huku chini, ule unaosema mto uko mita kadhaa, akanisomea namba hiyo. Na namba hiyo, alisoma Hulda, akatulia kidogo kama ulivyomfundisha kutulia kwenye koma, namba hiyo ofisi huipata kwa mume wangu.

Kisha Mwenyekiti wa Kamati, Bwana Diba, ambaye ni mfugaji na hacheki ovyo, akasema kutoka nyuma: "Wallahi! Kumbe hii mto miezi yote inazunguka kama mbuzi ya kamba! Inatoka kwa Gershom inakwenda ofisi, inatoka ofisi inakwenda Hola, inarudi kwa Gershom inakunywa chai!" Kicheko kilichofuata, Silas, kilinifanya nitazame dari, na mabati ya lile kanisa yana matundu kumi na manne. Nayajua yote sasa.

Ningevumilia kicheko. Lakini Diba alisimama, akaacha kucheka. Akasema: "Mwezi wa tano mimi nilikaa na ng'ombe bondeni kwa sababu simu ilisema tatu pointi mbili. Ndama wawili wangu walikwenda na maji. Mimi nilisema ni Mungu." Halafu akamgeukia Hulda: "Mama Everline, wewe jicho yako iko sawa. Jumamosi kitabu tunakupa wewe."

Yaani mke wangu asome mto, nami niulizie kimo chake nyumbani kama mpangaji.

Kuhusu ndama wale wawili, nilimpa Diba pole wakati ule, tena mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kufika kwenye pole, na nilikaa mpaka jioni. Hilo halikunotisiwa na mtu.

8. Kuhusu kuenea. Usidhani hili ni la nyumba yangu peke yake. Kitenzi hiki kinazaana kuliko panya wa mpunga. Tangu Alhamisi, mke wa mzee mmoja wa kanisa amenotisi kwamba mahubiri ya Jumapili mbili yalikuwa yale yale na machozi mahali pale pale. Mwingine amenotisi kwamba Kahindi akivusha watu, abiria ndio wanaokomba maji mtumbwini huku yeye akikusanya nauli. Jirani yangu Ngala, ambaye ni mtu mpole wa migomba yake, hakuingia nyumbani jana mpaka alipokumbuka mambo yote ambayo huenda yamenotisiwa. Tukiendelea hivi, wakinotisi mpaka Garsen mjini, na wakianza kunotisi barabara zilizokwisha kufunguliwa kwa utepe na bado hazijajengwa, na visima vilivyochimbwa kwenye makaratasi, nakuuliza, nani atabaki na kazi? Mimi nina kitabu kimoja tu cha mto. Fikiria wenye vitabu vikubwa.

9. Kuhusu nyakati. Umewafundisha "noticed", nikasema haya, yamepita. Juzi nikamsikia Hulda akifua anajisomea "I have noticed". Nilipokuuliza njiani ukaniambia hiyo maana yake jambo lilianza zamani na bado liko. Hiyo ni kesi isiyofungwa! Mtu gani anaweza kulala na "have noticed" ndani ya nyumba?

Kwa sababu hizo zote naomba yafuatayo, kwa unyenyekevu na kwa mamlaka ya mjomba.

Kwanza, kitenzi hicho kifutwe ubaoni kabla ya Jumamosi, na daftari zikusanywe zisahihishwe kwa kalamu nyekundu. Kila palipoandikwa "noticed" pawekwe "greeted". Sentensi zitabaki nzuri tu: "Nilisalimia gambuti za mume wangu." Hakuna atakayeumia.

Pili, uandike barua kwa Kamati, yenye muhuri, kueleza kwamba kunotisi si ushahidi, ni zoezi la darasani, kama vile hesabu za mtu mwenye machungwa mia mbili ambaye sote tunajua hayupo.

Tatu, Hulda ahamishiwe vitenzi vya utulivu. Napendekeza "to rest". Hajawahi kukitumia, kitamfaa.

Nne, atakayetaka kunotisi kuanzia sasa aombe kibali kwa mwenye nyumba, aeleze anataka kunotisi nini na kwa muda gani, na asizidishe kitu kimoja kwa wiki. Kibali kisitolewe msimu wa mvua, ambapo watumishi wa umma tuna kazi nyingi.

Ukikataa, nitapanda ngazi mpaka Nairobi. Yuko mkubwa mmoja huko ambaye aliwahi kutua na helikopta ili aniulize mimi njia. Jina lake nalihifadhi kwa usalama wake.

Sina ugomvi na wewe, mpwa wangu. Kazi yako naiheshimu. Nisalimie dada yangu, mama yako, mwambie mguu wangu umepona. Msalimie mkeo na watoto, msalimie Naibu wa Chifu ukimwona yuko peke yake, wasalimie wanafunzi wote wa ngumbaru isipokuwa mmoja, ambaye nitamsalimia mwenyewe nyumbani akimaliza kunipikia. Mungu akulinde na akuondolee vitenzi vibaya.

Ni mimi mjomba wako, ambaye namba zake zimeshukuriwa na serikali,

Gershom Babwoya
Msomaji Mkuu wa Mto, Wema

Nakala: Naibu wa Chifu, Kamati ya Mto, Mchungaji.

Nyongeza, baada ya kutia sahihi: Nilikuwa nimeshakunja barua hii, nikafikiri nishuke kivukoni mimi mwenyewe leo hii, nichukue namba mbichi kutoka kwenye nguzo, Jumamosi niiweke mezani wote wanyamaze. Nimeshuka. Nguzo haipo. Nimeitafuta ukingoni juu na chini kama mtu aliyepotelewa na mbuzi. Nikamwuliza Kahindi imehamishiwa wapi, akasema ilikwenda na maji mwezi wa tano. Nikamwuliza kwa ukali, mbona hakuniambia? Akaniambia kwa adabu, "Mzee, si wewe unatuma namba kila siku? Sisi tulidhani umeona." Maji yamefika kwenye mstari wa kwanza wa migomba ya Ngala, yana rangi ya chai ya maziwa, na yanabeba matawi mabichi. Sina namba nyingine. Barua hii usiipeleke kwa hao wa nakala. Mwambie Diba atoe ndama bondeni leo, asingoje ujumbe wangu, na Hulda ashuke na kitabu akatazame mwenyewe. Ningempigia Diba mimi, ila naona haya.